Dokta Wu Lien-teh na Kitambaa cha Pua

Ndugu msomaji, ukifika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, unaweza kumwona daktari amefunika pua na mdomo kwa barakoa. Siyo ile barakoa waliyovaa mabibi wa Kiarabu zamani! Hii ni ya kuzuia maradhi. Mmoja wa watu walioipigania ni Dokta Wu Lien-teh.

Wu alizaliwa mwaka 1879 katika kisiwa cha Penang, nchi ya Malaya. Baba yake alikuwa sonara. Alisomea udaktari Uingereza.

Desemba 1910 serikali ya China ilimpeleka mji wa Harbin. Tauni ilikuwa ikiua watu huko. Madaktari wengi waliamini kwamba tauni huletwa na viroboto wa panya tu. Wu alipasua maiti, akaona vijidudu ndani ya mapafu. Akatambua kwamba tauni hii huenea kwa pumzi na kikohozi.

Akaagiza madaktari na wauguzi wajifunge kitambaa cha shashi chenye pamba. Fikiri, ndugu yangu: alikuwa kijana wa miaka 31, tena mgeni. Dokta Mesny, Mfaransa aliyemzidi umri, alimdharau. Akaingia wodini bila ya kufunika pua, akawapima wagonjwa. Siku chache baadaye, Januari 1911, tauni ilimwua.

Habari zikaenea. Sasa hata watu wa mitaani wakavaa vitambaa.

Tauni ile iliua watu wapatao 60,000. Machi 1911 ilikwisha Harbin.

Mwaka 1937 Wu alirudi Malaya, akatibu wagonjwa mjini Ipoh. Alifariki Penang mwaka 1960.