MAISHA YA MWEZI GISABO, MWAMI WA BURUNDI

Mtu akitoka mjini Gitega kwenda upande wa kaskazini, baada ya mwendo wa kilomita saba hivi hufika kilima cha Gishora. Hapo pana nyumba za nyasi za mviringo, ua wa miti, na ngoma kubwa zilizochongwa kutoka magogo mazima. Wageni wengi huenda kutazama wapiga ngoma, wakapiga makofi, wakarudi zao. Lakini wachache huuliza ni nani aliyeweka makao mahali hapo, na kwa nini. Jibu ni kwamba mahali hapo pana kumbukumbu ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala Burundi zaidi ya miaka 50 na kufa mwaka 1908. Maisha yake yafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki, kwa maana yatufundisha mengi juu ya urafiki, na juu ya uadui unaovaa nguo za urafiki.

Baba yake alikuwa Ntare Rugamba, mfalme hodari wa vita, aliyeipanua nchi ya Burundi kila upande. Ntare alipokufa, katikati ya karne ya 19, wanawe wakubwa walikuwa wamekwisha kupewa sehemu za mipakani wazilinde. Ufalme ukamwangukia mwanawe mdogo, aliyekuwa bado mtoto, yapata mwaka 1852. Akaitwa Mwezi, kwa kuwa wafalme wa Burundi walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Jina la Gisabo maana yake ni kibuyu cha kusukia maziwa.

Kwa kuwa mtoto hawezi kutawala, kaka yake aliyeitwa Ndivyariye alishika mambo kwa niaba yake. Basi Mwezi alipokua na kutaka madaraka yake, kaka hakupenda kuyaachia. Ndugu wawili wakapigana, na Ndivyariye akashindwa. Lakini uadui haukuzikwa pamoja naye. Watoto na wajukuu wake wakajiimarisha kaskazini-mashariki, pande za Muyinga ya leo, wakawa hawaendi kumsalimu Mwami wala hawampelekei zawadi. Hivyo tangu ujana wake Mwezi alitawala kwa nguvu katikati ya nchi tu, na kadiri mtu alivyoelekea mipakani ndivyo amri yake ilivyozidi kuwa nyepesi.

Mwami huyu hakuwa na mji mkuu mmoja. Alihama kutoka boma hadi boma, hasa katika vilima vya pande za Muramvya, na popote alipokaa kulikuwa kama kambi ya askari. Vijana wa mikuki na upinde waliletwa na wakubwa wao kukaa karibu na ua wake. Walilinda usiku, walijifunza kurusha mishale na kuruka, walicheza, na walifanya urafiki na vijana wa vilima vingine ambao pengine wasingalionana nao maishani. Vita vilipotokea, vijana hao ndio waliokuwa mstari wa mbele. Huko Gishora husimuliwa kwamba Mwezi alimshinda mkubwa mmoja mwasi aliyeitwa Ntibirangwa, akaweka boma hapo, na kuwaachia walinzi ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa.

Yafaa kueleza hapa habari ya ngoma. Katika lugha ya Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma yenyewe, na ufalme. Ngoma haikupigwa kwa mchezo. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Desemba, ilifanywa sikukuu ya Umuganuro. Watu walitoka mbali, wengine siku nyingi kwa miguu, wakiongoza ng'ombe na kuchukua pombe na vyakula. Mwami alikula ugali wa mtama, ngoma kuu Karyenda ikatolewa, na baada ya hapo watu waliruhusiwa kupanda mtama wao. Ilikuwa sherehe ya furaha, lakini pia ilikuwa kama hesabu. Aliyekuja alionyesha kuwa ni mtu wa Mwami, asiyekuja alijulikana. Wale wa kaskazini-mashariki mara nyingi hawakuonekana.

Wakati wa Mwezi, hatari mpya zilianza kutoka ng'ambo ya nchi. Kwanza alikuja Rumaliza, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, ambaye jina lake halisi ni Muhammad bin Khalfan. Watu wake walikuwa na bunduki, wakaishika pwani ya Ziwa Tanganyika. Walitaka kupanda milimani kutafuta watumwa na pembe. Hawakufaulu. Warundi wa milimani hawakukaa katika miji mikubwa inayoweza kuzingirwa. Kila familia ilikaa peke yake katika shamba lake la migomba, na adui hakujua ateke nini. Kwa sababu hiyo Burundi ilisalimika na biashara ya watumwa kuliko nchi nyingi jirani.

Mwezi wa Septemba 1892 lilitokea jambo la ajabu. Mzungu mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, aliyekuwa ametoka Tanga na msafara wa wapagazi na askari, aliuvuka mto Kagera na kuingia Burundi kwa upande wa kaskazini-mashariki. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Watu wa pande zile walimtoka kwa maelfu, wakacheza, wakaimba, wakamfuata kutoka kilima hadi kilima. Walidhani kwamba yeye ni Mwezi, mfalme wa zamani aliyerudi. Mwezi mwenyewe alikuwa hai katika boma lake, lakini watu hao walikuwa hawajamwona, na watawala wao walikuwa hawamtaji kwa wema. Baumann aliufuata mto Ruvubu mpaka juu, akaona kwamba amefika chanzo cha Nile. Siku hizi tunajua kuwa chanzo cha kusini kabisa kiko Rutovu, ambako Mjerumani Burkhart Waldecker alikionyesha mwaka 1937. Hata hivyo tusisahau kuwa msafara ule ulikuwa na bunduki, na kabla haujafika Tanganyika, bunduki hizo zilikuwa zimelia. Walioanza kwa kumchezea mgeni walijifunza kwamba si kila anayepokelewa kwa ngoma amekuja kwa ngoma.

Miaka hiyohiyo maradhi ya ng'ombe yaliyoenea Afrika ya Mashariki yote yaliwaua ng'ombe wengi wa Burundi. Watu nao walipatwa na ndui na njaa. Ndipo Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuja kukaa. Mwaka 1897 walijenga boma la askari huko Usumbura, kando ya ziwa, mahali paitwapo Bujumbura leo. Mapadre Wazungu walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, na ya Mugera, karibu na Gitega ya leo, mwaka 1899.

Boma la Usumbura lilikuwa dunia ya namna yake. Askari weusi walitoka Sudan, Manyema, Unyamwezi na kwingineko. Wake zao na watoto wao walikaa nao, na wengine walifuatana nao hata safarini. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, na ndiyo sababu moja ya Kiswahili kukaa katika miji ya Burundi mpaka leo. Jioni zilikuwa na ngoma zao, na tarehe 27 Januari, siku ya kuzaliwa Kaizari wa Ujerumani, ilikuwa sikukuu ya gwaride katika maboma yote ya Wadachi. Maofisa wao walipenda kutembea na kutazama nchi. Mmoja wao, Kapteni Robert von Beringe, alisafiri kaskazini mwaka 1902, akaupanda mlima Sabinyo, na huko akawapiga risasi sokwe wakubwa wawili. Wataalamu wa Berlin wakaona ni aina isiyojulikana kwao, wakaipa jina lake. Ni hao sokwe wa milimani ambao wageni huja kuwatazama Rwanda, Uganda na Kongo.

Lakini Kapteni huyo hakuja kutazama wanyama tu. Alikasirika kwa sababu Mwezi Gisabo hakutaka kuja kumsalimu wala kutii amri za boma. Naye alipata rafiki wawili waliokuwa tayari kumsaidia. Wa kwanza ni Kilima, mtu wa kaskazini-magharibi, aliyejidai kuwa wa ukoo wa Ntare. Wa pili ni Maconco, na huyu alimwumiza Mwezi zaidi, kwa kuwa alikuwa mkwewe, amemwoa binti yake. Husimuliwa kwamba ugomvi wao ulianza kwa sababu ya mbwa wa kuwinda. Jambo dogo hivyo likamfanya mkwe awe kiongozi wa njia kwa bunduki za mgeni.

Mwaka 1903 Kapteni von Beringe aliondoka na askari wake kwenda kumtafuta Mwami. Maboma yakachomwa moto, ng'ombe wakachukuliwa. Mwezi akafanya kama walivyofanya watu wake zamani juu ya Rumaliza: akahama, akajificha, akahama tena. Lakini safari hii adui alikuwa na watu wa nchi wanaozijua njia. Ikambidi mzee achague. Angeweza kuendelea kukimbia, na kila kilima alichopita kiteketezwe kwa ajili yake. Au angeweza kujitokeza, naye alikuwa hajui kama atauawa au kufungwa. Akajitokeza. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, alikubali mapatano. Alitambua mamlaka ya Wadachi, akakubali kuacha njia wazi kwa misafara na kutoisumbua misheni ya Mugera, akatozwa ng'ombe 424, na akalazimika kukubali kwamba Kilima na Maconco hawako chini yake tena.

Ng'ombe 424 baada ya maradhi yale si kitu kidogo. Tukumbuke pia kwamba nyuma ya kila ng'ombe wa Mwami kulikuwa na mchungaji na watoto waliokunywa maziwa yake.

Watu wengi walidhani kuwa habari ya Mwezi imekwisha. Kumbe haikwisha. Gavana wa Dar es Salaam, Graf von Götzen, hakupendezwa na kazi ya von Beringe, kwa maana aliona kuwa kuuvunja ufalme kutaleta fujo isiyo na mwisho. Kapteni mwingine, Werner von Grawert, akapewa boma, na siasa ikageuzwa. Mwaka 1905 Wadachi walimtambua Mwezi kuwa Mwami wa Burundi. Maconco akauawa mwaka huohuo, na Kilima naye akakamatwa na kuhamishwa mbali. Hivyo rafiki wa jana walitupwa na walewale waliowatumikia. Mgeni aliwahitaji kwa siku chache tu. Walipokwisha kumfaa, hakukumbuka njia walizomwonyesha.

Mwezi Gisabo akafa mwezi wa Agosti 1908, akiwa mzee. Akamfuata mwanawe Mutaga, kijana ambaye hakuwa hata na miaka 20. Mwaka 1912 Wadachi wakahamisha makao yao ya serikali kutoka Usumbura kwenda Gitega. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaishika nchi. Umuganuro ulifanywa mara ya mwisho mwaka 1929. Ufalme wenyewe ukaondolewa mwaka 1966, miaka minne baada ya uhuru.

Je, Mwezi alikuwa mtu mkamilifu? La. Alikuwa mfalme wa zamani, mkali kwa waasi wake, na alishindwa kupatana na jamaa zake wa kaskazini-mashariki. Lau angalipatana nao, mgeni asingalipata mlango wa kuingilia. Lakini alijua kungoja, na alijua wakati wa kuinama, na kwa sababu hiyo Burundi ilibaki nchi moja.

Leo njia ya kutoka Gitega kwenda Muyinga kupitia Karuzi huuvuka mto Ruvubu. Zamani mto huo ulikuwa kati ya watu wa Mwami na watu wasiotaka kumsalimu. Sasa wanafunzi huupita kwa gari, wakienda kutembeleana wakati wa sikukuu. Atakayepita hapo na akumbuke kwamba amani ya kuvuka mto kwenda kwa rafiki si kitu cha bure, bali hulindwa na wale wanaokubali kusameheana mapema, kabla mgeni hajaja kuwaamulia.