Luigi Broglio: Mhandisi aliyeifanya pwani ya Kenya kuwa lango la anga

PROFESA Luigi Broglio hakuwa mtaalamu wa nyota, bali mhandisi wa ndege. Hata hivyo, jina lake haliwezi kutengwa na ugunduzi mkubwa kuhusu galaksi uliotokana na chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Kenya.

Alizaliwa Novemba 11, 1911, mjini Mestre karibu na Venice, Italia. Alikuwa afisa wa jeshi la anga na profesa wa uhandisi katika chuo kikuu jijini Roma. Mwaka 1962, Italia na Marekani ziliafikiana kuanzisha mradi wa San Marco, ambao yeye ndiye aliyeubuni na kuuongoza.

Broglio alitaka kituo karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Alichagua ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, na humo baharini yakasimamishwa majukwaa ya chuma. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 26, 1967.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka kituo hicho na kupewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani, ambazo angahewa huzizuia kufika ardhini.

Miongoni mwa vilivyochunguzwa ni fungu la galaksi lililo upande wa kundinyota la Mashuke, umbali wa miaka-nuru milioni 54 hivi. Lina galaksi zaidi ya 1,000. Usiku wa Mei hupita karibu na utosi wa mkazi wa Diani au Msambweni, ingawa halionekani kwa macho matupu. Uhuru ilibaini kuwa eksirei zake zimetapakaa eneo pana. Wanasayansi walikuja kuthibitisha kwamba nafasi baina ya galaksi hizo imejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Broglio hakuishi kuishuhudia siku hiyo. Alifariki Januari 14, 2001.

Kituo cha Malindi sasa kina jina lake, lakini majukwaa yake hayajarusha setilaiti tangu 1988. Kenya ilipokamilisha setilaiti yake, Taifa-1, ililazimika kuirushia California, Marekani, Aprili 15, 2023, ilhali lango alilolifungua Broglio li papo hapo nyumbani.