Ilya Metchnikoff na Walinzi wa Mwili

Wataalamu walipoanza kujua kuwa vijidudu huleta magonjwa, watu wengi walidhani kuwa vijidudu vyote ni adui wa mwanadamu. Mmoja wa wale waliotuonyesha kuwa sivyo ni Ilya Metchnikoff.

Alizaliwa mwaka 1845 katika jimbo la Kharkov, katika nchi iitwayo sasa Ukraine, ambayo wakati ule ilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Tangu utoto alipenda sana kuchunguza mimea na wanyama. Alipoingia chuo kikuu cha Kharkov, alimaliza kwa miaka miwili masomo ya miaka minne. Baadaye akawa mwalimu wa elimu ya wanyama katika mji wa Odessa. Lakini maisha yake hayakuwa ya raha. Mke wake wa kwanza aliugua kifua kikuu, akafa mwaka 1873, naye Metchnikoff akakata tamaa kabisa. Mwaka 1875 alioa tena, na mkewe huyo, jina lake Olga, akawa msaidizi wake katika kazi.

Mwaka 1882 aliiacha kazi ya Odessa, akaenda kukaa Messina, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicilia. Siku moja watu wa nyumbani mwake walikwenda kutazama michezo ya nyani, naye akabaki peke yake na darubini yake ya kukuzia vitu vidogo. Alikuwa akimtazama mtoto mchanga wa mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ambaye watu wa pwani humwita kiti cha pweza. Mtoto huyo ni mdogo mno, na mwili wake huonekana ndani kama kioo. Ndani yake Metchnikoff aliona chembe hai zikitembea huku na huku. Akawaza kwamba huenda chembe hizo ni askari wa mwili. Basi akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaichoma chini ya ngozi ya watoto wale. Usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha akaenda kutazama, akakuta chembe zimekusanyika na kuizunguka miiba pande zote.

Kila mtoto aliyepata kuchomwa na mwiba shambani ajua jinsi mahali pale panavyovimba na kutunga usaha. Usaha ule una chembe nyeupe za damu nyingi sana, zilizokufa katika vita vya kuulinda mwili. Hivyo ndivyo Metchnikoff alivyofundisha. Wataalamu wengi walimpinga, lakini hakuacha. Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa mahali pa kufanyia kazi katika chuo chake mjini Paris, naye akafanya kazi huko hata mwisho wa maisha yake. Mwaka 1908 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Katika chuo hicho aliingia katika jambo la pili. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Ufaransa. Metchnikoff alitaka kujua kwa nini watu wengine hunywa maji machafu wakafa, na wengine wakanywa maji yale yale wasidhurike. Akathubutu kumeza vijidudu vya kipindupindu yeye mwenyewe, asiugue. Msaidizi wake mmoja akameza, naye hakuugua. Msaidizi mwingine akameza, akaugua vibaya sana, karibu afe. Metchnikoff alifadhaika mno. Ndipo alipovikuza vijidudu vya kipindupindu pamoja na vijidudu vya namna nyingine, akaona kuwa vingine huvisaidia kukua, na vingine huvizuia. Akafahamu kwamba ndani ya tumbo la mtu wamo wageni wabaya na wageni wema.

Baadaye alisikia kuwa katika nchi ya Bulgaria wako wakulima wengi wanaoishi miaka mingi, na chakula chao ni maziwa ya mgando. Mwaka 1905 kijana wa Bulgaria, Stamen Grigorov, alikuwa amekiona kijidudu kinachoyagandisha maziwa hayo. Metchnikoff akaanza kunywa maziwa ya mgando kila siku, na mwaka 1907 akaandika kitabu cha kuwashauri watu wafanye vivyo hivyo. Alikufa mjini Paris mwaka 1916, mwenye umri wa miaka 71.

Si yote aliyosema yaliyothibitika. Wachunguzi waliokuja baada yake waliona kuwa kijidudu cha Bulgaria hakikai sana katika utumbo wa mtu. Lakini wazo lake kubwa limesimama. Sasa twajua kuwa vijidudu vyema vingi hukaa ndani yetu. Baadhi yake hujishikiza katika ute na katika chembe za ukuta wa utumbo, wengine kwa nyuzi nyembamba mno zisizoonekana kwa macho. Hukalia nafasi na kula chakula ambacho adui angekitaka. Vingine hutoa ukali unaowazuia adui, na vingine huwaamsha askari wa mwili wawe tayari. Adui aliyekuja amechelewa huona kila kiti kina mwenyewe.

Katika nchi ya Kilosa, kandokando ya Rudewa, wafugaji wa Kimasai hugandisha maziwa katika vibuyu, na akina mama katika nyumba nyingi za Tanzania hutia kimea katika uji na kuuacha uchachuke uwe togwa. Katika miaka ya 1990 wachunguzi waliitazama togwa hapa Tanzania, wakaona kuwa watoto wadogo walioinywa mara kwa mara walipungukiwa na vijidudu vya kuharisha. Lakini anayegandisha maziwa na ayachemshe kwanza, kisha, yakiisha kupoa, atie kidogo ya mgando wa jana, katika chombo safi; maana maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na magonjwa mengine ya ng'ombe.

Metchnikoff hakuridhika kusikia tu. Alijaribu, akatazama, akaanza tena. Kwa kazi yake twajua kuwa usafi huwazuia adui mlangoni, na kwamba ndani ya nyumba ya mwili wako walinzi wasiolala usiku wala mchana.