Mwalimu Nyerere na vijiji: Alijua, kisha akaamuru

Kerenge, wilayani Korogwe, kama kwingineko vijijini Tanzania Bara, serikali huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Utaratibu huo ulipata nguvu kwa sheria ya vijiji ya mwaka 1975, na hauelezeki bila kumtaja Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alisoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, akaongoza TANU tangu 1954 na kuifikisha Tanganyika kwenye uhuru mwaka 1961. Hayo wengi wanayajua. Sisi tunajiuliza swali jingine: ilikuwaje mtu aliyefahamu vizuri hatari ya kuwapangia wakulima maisha yao akaishia kuwapangia?

Miaka ya mwanzo ya uhuru, serikali, ikifuata ushauri wa Benki ya Dunia, ilianzisha makazi mapya yenye mameneja na matrekta. Mojawapo lilikuwa Kabuku, wilayani Handeni, ambako walowezi walilima mkonge. Bei ya mkonge ikaporomoka, na mingi ya miradi hiyo nchini ikabaki na madeni. Aprili 1966 Rashidi Kawawa alitangaza kwamba haitaanzishwa mingine.

Nyerere alijifunza. Katika maandishi yake ya 1967 na 1968 alisisitiza kwamba maendeleo huletwa na watu wenyewe, na kwamba mtu asilazimishwe kuingia kijiji cha ujamaa. Mfano hai alikuwa nao: Litowa, karibu na Songea, ambako wakulima walianza wenyewe, wakajenga shule na kuungana na vijiji vingine katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walijitawala, nalo hilo liliwakera viongozi wa mkoa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama chake Mwalimu mwenyewe, ilikivunja. Kwetu sisi, hapo ndipo mambo yalipogeuka, kuliko hata amri iliyofuata.

Amri ilikuja Novemba 1973: hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi kijijini. Kufikia 1977 serikali ilihesabu watu milioni 13 vijijini. Maofisa walishindana kutimiza lengo, na sehemu nyingine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mkulima aliyezoea kuishi kando ya shamba lake sasa alitembea mwendo mrefu kulifikia, na usiku nguruwe pori walikula mahindi yasiyo na mlinzi. Ukame na bei ya mafuta vilizidisha njaa ya 1974, kwa hiyo si haki kuitupia operesheni lawama yote. Na ni kweli shule na zahanati ziliwafikia wengi zaidi kwa sababu walikuwa wamekaa pamoja. Lakini nani alimwuliza mkulima kijiji kiwekwe wapi?

Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa 1972, na vyama vya ushirika vikavunjwa 1976. Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuviondoa vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa. Aliondoka madarakani 1985, akarudi Butiama kulima, na akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Halmashauri za wilaya zilirudishwa, ushirika nao ukarudishwa. Chama cha Ruvuma hakikurudishwa.