Sørensen na Kipimo cha pH

Pwani ya Tanga ina minazi mingi, na mafuta ya nazi hufaa sana kutengenezea sabuni. Mtu wa Ngamiani atakaye kutengeneza sabuni huchanganya mafuta hayo na kostiki soda iliyoyeyushwa majini. Soda ikizidi, sabuni huwa kali, nayo ngozi hukauka, huwasha na hata kupasuka. Je, ukali huo waweza kupimwaje bila ya kumwumiza mtu?

Aliyetupa kipimo hicho ni Søren Sørensen. Alizaliwa mwaka 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, nchini Denmark. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 18, aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen ili asomee udaktari, lakini akavutiwa na kemia, akaifuata. Mwaka 1901 alifanywa mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg mjini humo. Mkewe, Margrethe, alimsaidia katika uchunguzi wake.

Sørensen alihitaji kujua kiasi cha asidi katika vimiminika. Hesabu zake zilikuwa na sifuri nyingi mno. Kwa hiyo, mwaka 1909, alibuni kipimo kifupi kiitwacho pH. Maji safi yana pH 7. Kitu chenye pH chini ya 7 ni asidi, na chenye pH zaidi ya 7 ni besi. Kila tunaposhuka hatua moja, asidi huongezeka mara 10. Sørensen alifariki mwaka 1939.

Ngozi yenye afya ina asidi kidogo. pH yake ni karibu 5. Asidi hiyo huikinga na vijidudu. Sabuni ina pH 9 au 10, hivyo hupunguza kinga hiyo kwa muda, na ngozi dhaifu huchelewa kuirudisha. Ndiyo sababu watengenezaji wa mafuta laini ya kujipaka hupima pH, kisha hutia asidi ya sitriki kidogo ili kuishusha.

Asidi ya sitriki imo pia katika ndimu. Lakini usijipake ndimu! Maji yake yana pH karibu 2, yaani asidi yake ni mara 1,000 kuliko ya ngozi.

Maswali
1. Sørensen alibuni kipimo gani?
2. Kwa nini sabuni kali hudhuru ngozi?
3. Kitu chenye pH 4 kina asidi mara ngapi kuliko chenye pH 6?