Hayati Eduardo Mondlane: Mwanafunzi wa Nchi Nne

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa.

Katika kazi yangu serikalini nimekutana na vijana wengi wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo. Huniuliza habari za baridi, chakula na posho. Nami huwaeleza maisha ya hayati Dkt. Eduardo Mondlane, Rais wa kwanza wa FRELIMO.

Alizaliwa tarehe 20 Juni, 1920, huko Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu wa Watsonga, naye alifariki Eduardo akingali mdogo. Mtoto huyo alichunga mifugo mpaka mama yake aliposhikilia kwamba ni lazima asome. Akasoma katika shule za misheni, lakini chini ya Wareno milango ya sekondari ilikuwa karibu imefungwa kwa Mwafrika.

Mwaka 1944 alipata msaada wa masomo, akavuka mpaka kwenda shule ya sekondari ya Lemana, Transvaal, Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kireno hakikumfaa kitu huko, kwani masomo yalikuwa ya Kiingereza. Hata hivyo, katika vijiji vya jirani watu walisema Kitsonga. Mpaka wa wakoloni ulimfanya mgeni, lakini lugha ya mama yake ilimfanya mwenyeji.

Kutoka hapo alikwenda Johannesburg, akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mwaka 1949 serikali ya ubaguzi wa rangi ilimfukuza nchini. Aliporudi kwao Wareno walimkamata na kumhoji. Mwaka 1950 akaenda kusoma Lisbon, ambako polisi wa siri hawakumwacha apumue. Lakini huko huko alifahamiana na Agostinho Neto na Amílcar Cabral. Mwaka 1951 alihamia Chuo cha Oberlin, Marekani, akiwa na miaka 31 miongoni mwa vijana wadogo. Alipata shahada yake mwaka 1953, na udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960.

Kuanzia mwaka 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Angeweza kustarehe huko na familia yake. Badala yake, FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, alikubali kuiongoza, na mwaka 1963 akahamia kwetu. Mkewe, Janet, alianzisha Taasisi ya Msumbiji ili vijana wakimbizi wapate elimu.

Hapo ndipo palipozuka jambo gumu. Chama kiliwataka wanafunzi wakatumikie mapambano. Baadhi yao walitaka kwanza nafasi za kusoma nje, kama Rais wao alivyosoma. Mwezi Machi, 1968, fujo zilitokea na taasisi ikafungwa. Mimi siwahukumu vijana wale kwamba walikuwa waoga. Kiu ya elimu waliyokuwa nayo ndiyo iliyomtoa Mondlane machungani. Tofauti yao ni kwamba yeye alikuwa amekwisha kujibu swali la elimu yake ni ya nani, na jibu hilo lilimgharimu mshahara mnono na, hatimaye, uhai. Tarehe 3 Februari, 1969, bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu lilimwua hapo Oyster Bay.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975, na mwaka uliofuata chuo kikuu cha mji mkuu wake kilipewa jina la Eduardo Mondlane.

Wadogo zetu, mkipata nafasi nendeni. Jifunzeni lugha za watu, vumilieni upweke, na muwaandikie wazazi. Lakini swali lile la vijana wa mwaka 1968 lijadilini sasa, mngali hapa pamoja, kabla hamjafunga masanduku.