Jamsetji Tata: Pamba kwanza, hoteli baadaye

Hoteli ya Taj Mahal ya Mumbai, zamani Bombay, inajulikana duniani. Wachache wanajua kuwa msingi wake ni pamba.

Mwanzilishi wake, Jamsetji Tata, alizaliwa mwaka 1839 mjini Navsari, India. Wakati wenzake wakirundika viwanda vya nguo Bombay, yeye mwaka 1877 alifungua chake Nagpur, karibu na wakulima wa pamba na reli. Malighafi haikusafiri mbali, gharama zikapungua. Mwaka 1886 alianzisha mfuko wa pensheni kwa wafanyakazi.

Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay. Watu walikimbia, biashara ikadorora. Mji ukiwa bado haujapona, Tata alitoa fedha zake mwenyewe kujenga hoteli. Ilifunguliwa Desemba 1903 ikiwa na wageni 17 tu. Alifariki Mei 1904, bila kuonja faida yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza ikawa hospitali, na hadi leo inapokea wageni.

Funzo lipo. Kabla ya kufunga mashine ya kukoboa mjini, piga hesabu ya nauli ya kila gunia kutoka shambani.